Jahazi linalovuja: anza chini, tanga lingoje

Pole, ndugu yangu. Kufua maji ndoo tano kila asubuhi kabla ya chai si maisha, ingawa kuishi chomboni hapo Lamu kuna raha zake. Ila umeuliza kama kuziba jahazi linalovuja, kushona tanga na kutengeneza jiko vyote vitamalizika siku moja. Havimaliziki.

Ngoja bamvua, mwezi mwandamo au mpevu, maji yanapopwa sana. Lipandishe mchangani maji yakijaa, uliegemeze kwa magogo pande zote mbili. Likilala vibaya mbao zitaachana zaidi. Maji yakitoka, una saa chache tu kabla hayajarudi. Kwaruza chaza, tafuta mshono wa mbao uliolegea, toa pamba iliyooza, tia mpya iliyolowa mafuta kwa chembeu (patasi ya kushindilia pamba) na nyundo. Usigonge kwa hasira! Mimi nilishindilia kupita kiasi nikaufungua mshono wa pembeni yake, usiku ule sikulala. Malizia kwa kupaka deheni, mchanganyiko wa shahamu na chokaa.

Tanga lishone jioni ukipumzika.

Ubao ukibonyea kwa kisu, au maji yakitokea karibu na mkuku, yaani uti wa chini wa chombo, acha. Hapo muite fundi wa majahazi, na usilale ndani mpaka alitazame.