Kuhusu ugonjwa wa Havana: silaha au nyenje?

Mkuu, umeuliza kama ni kweli wanadiplomasia wa Marekani walipigwa na silaha ya sauti kule Cuba. Silaha yenyewe hakuna aliyeionyesha hadharani mpaka leo.

Malalamiko yalianza Havana, mji mkuu wa Cuba, mwishoni mwa 2016. Wengine walisikia mlio mkali, wengine mgandamizo kichwani, kisha kizunguzungu, masikio kuvuma na usingizi kupotea. Wakanada nao wakaugua, na 2018 zamu ikawa ya Guangzhou, China. Ule mlio uliorekodiwa Cuba ndio unaonichekesha: wanasayansi wawili waliuchambua 2019, wakakuta unalingana na wa nyenje! Ila nyenje hamtii mtu kizunguzungu cha miezi, kwa hiyo fumbo likabaki.

Desemba 2020 jopo la wanasayansi wa Marekani likasema mawimbi ya redio yanayorushwa kwa mapigo ndiyo maelezo yanayoelekea zaidi kwa baadhi ya dalili. Machi 2023 mashirika mengi ya ujasusi yao yakasema uwezekano wa adui wa nje kuhusika ni mdogo sana. Machi 2024 zikatoka picha za MRI (kipimo kinachoonyesha ndani ya ubongo) za wagonjwa 81: hakuna jeraha la ubongo lililowatofautisha na wenzao wazima.

Hapo ndipo wengi humu wanateleza, wanadhani picha ikiwa safi mgonjwa anaigiza. Hapana. Watafiti haohao walikuta uchovu, msongo na kuyumba kwa kweli kabisa, na sheria ya kuwalipa ilishapita tangu 2021.