Kamanda Asiyesamehe Kosa Huletewa Taarifa Tamu

Wiki iliyopita nilipata ujumbe kutoka kwa binti wa Kitanzania aliyeko katika Jeshi la Nchi Kavu la Marekani. Amepewa ukoplo karibuni na ana askari wanne chini yake. Aliandika hivi: "Shikamoo kaka. Kamanda wetu mpya ametangaza kwamba kosa la kwanza ndilo la mwisho. Sasa watu hawasemi kitu. Kijana wangu mmoja aliharibu redio akaificha kabatini kwa hofu. Nifanye nini? Na je, nitie saini mkataba mwingine?"

Marahaba, mdogo wangu. Ujumbe wako ulinibana kifua, maana hayo unayoyaona nimeyaishi. Najua pia kwamba wengi mnaonisoma mmeshashika kadi ya kijani ya ukaazi wa kudumu Marekani na mnapiga hesabu ya kuingia jeshini mpate uraia, ada ya chuo na cheo. Someni na nyinyi. Mtakutana nayo.

Nilikuwa fundi wa magari katika kambi moja ya kusini. Mafunzo ya awali, kunyolewa, kupigiwa kelele usiku wa manane, hayo nayaruka, kila askari anayo ya kwake. Nianzie karakana. Jumatatu asubuhi katika jeshi lile ni siku ya magari. Askari hukagua, huandika kasoro kwenye fomu, fomu zinajumlishwa kuwa asilimia, na asilimia inapakwa rangi kwenye slaidi inayopanda kwa wakubwa. Kiwango kinachotakiwa ni asilimia 90 ya magari yawe tayari kwa kazi. Ukifika hapo, kijani. Kamanda wetu hakutaka kuona rangi nyingine. Alikuwa mchapakazi, alifika kambini kabla yetu sote, na mimi simchukii. Ila aliyempelekea nyekundu alitoka kwenye kikao cha kupitia slaidi jina lake limeshaharibika.

Jumatatu moja nikakuta lori ambalo breki zake za upepo zinavuja. Kwa kanuni, gari la namna hiyo halitoki getini. Nikaandika hivyo, na sajini wangu akatia saini chini ya jina langu bila kusita. Mchana fomu ikarudi: tuandike upya, kasoro iwe ndogo. Sajini akakataa. Haikupita muda akahamishiwa ghalani kuhesabu mahema, fundi bora kuliko wote niliowahi kufanya nao kazi. Mimi nikapewa onyo la maandishi kwamba sifuati maelekezo, na jina langu likaondolewa kwenye orodha ya waliokuwa wanakwenda mbele ya bodi ya kupanda cheo. Karatasi ile ninayo hadi leo, kwenye bahasha moja na cheti changu cha uraia. Sijaichana na sitaichana. Niliandika ukweli.

Baadaye tulipelekwa Fort Irwin, California, katika jangwa la Mojave, ambako jeshi hupeleka brigedi zake kupigana vita vya mazoezi na kikosi chenye makao palepale. Kwenye karatasi tulikuwa kijani. Vumbi la Mojave halisomi karatasi. Malori yakaanza kusimama moja baada ya jingine, na maji ya askari wa miguu yakachelewa kwenye joto ambalo maji hayatakiwi kuchelewa. Kamanda akasimama mbele yetu akauliza kwa nini hakuna aliyemwambia hali halisi ya magari yake. Alikuwa anauliza kwa dhati kabisa. Hakujua! Mtu mwenye mamlaka yote juu yetu ndiye aliyekuwa na habari chache kuliko koplo wa karakana. Wazee wetu walishasema, mficha maradhi kifo humuumbua, na pale ilibaki kidogo tu kiwe kifo cha kweli.

Baada ya hapo ari ikaisha. Watu waliokuwa wakibaki jioni kumalizia gari wakaanza kuangalia saa. Mafundi wazuri walimaliza mikataba wakaenda kutengeneza malori ya kampuni binafsi. Waliobaki wakajifunza namna ya kuandika fomu isiyomkera mtu.

Msidhani ni kikosi changu peke yake. Katika kambi ya Malmstrom, Montana, Jeshi la Anga la Marekani linalinda makombora ya nyuklia aina ya Minuteman III. Maofisa vijana walikuwa wakikaa wawili wawili chini ya ardhi kwa zamu za saa 24, na kila mwezi walikuwa wakifanya mitihani ya taratibu za kurusha makombora. Alama ya kufaulu ilikuwa asilimia 90, ila makamanda walitumia alama hizo kuamua nani apande cheo, na kila mtu alielewa kwamba pungufu ya 100 ni kushindwa. Mwaka 2014 ikagundulika kwamba maofisa walikuwa wakitumiana majibu kwa simu, na waliohusishwa walikaribia mia. Uchunguzi ulionyesha kuwa wengi wangefaulu bila kudanganya, walikuwa wanaitafuta ile 100. Viongozi 9 wakaondolewa kwenye nafasi zao, kamanda mkuu wa kambi akajiuzulu, na Deborah Lee James, aliyekuwa waziri wa Jeshi la Anga, akasema wazi kwamba kudai ukamilifu kulizaa hofu. Mitihani ikabadilishwa iwe ya kufaulu au kufeli tu. Fikirini: hawa ndio waliokabidhiwa silaha za kuangamiza miji, na mfumo uliwafundisha kwamba kuonekana hujakosea kuna thamani kuliko kujua kazi.

Mwaka 2015 watafiti wawili wa Chuo cha Vita cha Jeshi la Nchi Kavu, Leonard Wong na Stephen Gerras, waliandika kwamba maofisa wamezoea kutia saini mambo ambayo hayakufanyika. Wong alishahesabu mwaka 2002 kwamba kamanda wa kombania anadaiwa siku 297 za mafunzo ya lazima wakati siku alizonazo kwa mwaka ni 256. Siku 41 hizo zinatoka wapi? Zinatoka kwenye kalamu.

Na baharini je? Juni 17, 2017, manowari USS Fitzgerald iligongana na meli ya makontena karibu na Japani, mabaharia 7 wakafa. Agosti 21 mwaka huohuo USS John S. McCain ikagongana na meli ya mafuta karibu na Singapore, wakafa 10. Wakaguzi wa serikali walikuta kwamba kufikia Juni asilimia 37 ya vyeti vya utayari wa kivita vya mabaharia wa manowari kubwa zenye makao Japani vilikuwa vimepitwa na wakati. Meli zilikuwa zikiendelea kutumwa kazini kwa sababu kusema "hatuwezi" kulionekana udhaifu.

Kuna makosa ambayo sitaki yavumiliwe hata chembe. Baada ya askari Vanessa Guillén kuuawa Fort Hood, Texas, mwaka 2020, jeshi liliwaondoa au kuwasimamisha viongozi 14, na nikasema sawa. Udhalilishaji, wizi, kupiga walio chini yako, hapo fukuza. Kosa la nia njema ni jambo jingine. Ndiyo maana Septemba 30, 2025, Waziri wa Ulinzi wa Marekani, Pete Hegseth, alipowakusanya majenerali na maamiri Quantico, Virginia, akasema utamaduni wa kutosamehe kosa unawafanya maofisa waogope kuthubutu, na kwamba kosa dogo la nia njema lisimfuate mtu maisha yake yote, nilikubaliana na sehemu hiyo kwa moyo wote. Nachoogopa ni wale watakaojificha nyuma ya maneno hayo ili malalamiko ya wanyonge yasisikilizwe.

Sasa wewe, mdogo wangu. Tenganisha kosa na uongo. Redio kuharibika ni ajali, adui wako ni lile kabati. Mwambie kijana aitoe leo, na uende naye mwenyewe kutoa taarifa, ukiwa mbele yake. Kama watafungua uchunguzi wa hasara ya mali, aende ofisi ya msaada wa kisheria ya kambi kabla hajasaini chochote. Huduma ni bure na wengi hawajui.

Halafu uwe mtu anayeletewa habari mbaya. Nilipopata usajini, maana hatimaye niliupata, kila Jumatatu nilianza na swali moja: "Nani ana habari mbaya?" Wa kwanza kusema nilimshukuru mbele ya wenzake. Mwanzoni walinyamaza. Baadaye karakana yangu ndiyo ilikuwa na nyekundu nyingi kuliko zote, na magari yangu ndiyo yaliyotembea. Vijana waliopita mikononi mwangu leo ni masajini, na nawaambia hili kwa fahari kwa sababu hawakufundishwa kudanganya. Kwa hiyo usimwadhibu aliyesema. Usimwadhibu aliyesema, nasema tena. Na wewe ukipeleka taarifa juu, peleka mapema, kwa maandishi, ubaki na nakala. Dodoso la hali ya kikosi likija, lijazeni wote, majibu ni ya siri.

Kuhusu mkataba, usiamue kwa sababu ya mtu mmoja. Makamanda wa kombania kwa kawaida hukaa mwaka mmoja hadi miwili, kwa hiyo linganisha tarehe yake ya kuondoka na tarehe yako ya mkataba. Ukiamua kubaki, dai chaguo la kubadilisha kituo na lionekane limeandikwa ndani ya mkataba kabla ya saini yako, maana ahadi ya mdomo ya mshauri wa mikataba huwezi kuidai popote. Niandikie ukishazungumza naye.