Je, Ufufuko ni tukio, au ni imani ya mitume tu?

SWALI: Tumsifu Yesu Kristo, Padre. Mwanangu amerudi likizo Pemba kutoka chuo bara. Anasema Yesu hakutoka kaburini, kilichofufuka ni imani mioyoni mwa mitume, na kwamba wasomi wa Kanisa wameshalikubali hilo. Misa haachi. Nimzuie asipokee Komunyo?

JIBU: Milele amina, mama. Pole sana. Miaka yote umeulizwa barazani kuhusu msalaba ukajibu kwa adabu. Leo swali limetoka ndani ya nyumba yako.

Aliyoyasema si mapya. Julai 1907, chini ya Papa Pio wa X, hati ya Lamentabili ilikataa kauli 65, na ya 36 ni hiyo hiyo ya mwanao: kwamba Ufufuko hasa si tukio la historia, bali dhamiri ya Wakristo iliufikia polepole. Septemba ukaja waraka wa Pascendi, ukaonesha mzizi wake, yaani kuifanya dini kuwa hisia inayochipuka ndani ya mtu, na mafundisho kuwa vazi la hisia hiyo, la kubadilishwa zama zikibadilika.

Hapa mimi huishiwa subira. Jirani yako Mwislamu akikana msalaba, hukana waziwazi, nawe unajua mlipoachana. Tena huyo huyo anakiri kuwa Isa kazaliwa na bikira, maana kwake Mungu hutenda kweli duniani. Mmodernisti, yaani mfuasi wa fikra hizo zilizokataliwa 1907, hakani kitu kwa mdomo. Aleluya ya Pasaka anaimba, Nasadiki anasali yote, ila maana kishaitoa. Sasa hiyo hisia aliitunga nani? Maria Magdalena alilia akidhani mwili umehamishwa. Tomaso aligoma mpaka aone alama za misumari. Naye Paulo anawatajia Wakorinto mashahidi: Kefa, yaani Petro, wale Thenashara, ndugu zaidi ya mia tano ambao wengi wao walikuwa wangali hai. Mtu anayesimulia hisia haiti mashahidi.

Wasomi gani hao waliokubali? Alfred Loisy, padre Mfaransa aliyekuwa kinara wa umodernisti, alitengwa na Kanisa mwaka 1908. Marie-Joseph Lagrange, padre Mdominiko, alichunguza Maandiko kwa lugha na historia zake, akashukiwa isivyo haki miaka ile ya hofu, akabaki mtii; mwaka 1943 Pio wa XII aliuhimiza uchunguzi wa namna hiyo. Kile kiapo cha mwaka 1910 dhidi ya umodernisti, walichoapishwa mapadre, kiliondolewa 1967, na wapo wanaodai fundisho nalo liliondoka. Wafungue Katekisimu ya 1992, namba 643: Ufufuko hauwezi kukosa kukiriwa kuwa tukio la historia.

Komunyo usimzuie wewe. Uzushi ni kukana kwa ukaidi, na kijana anayerudia alichokisoma bado hajafika huko. Usimwite mzushi mbele ya wadogo zake. Someni pamoja 1 Wakorinto 15, kisha umuulize: kama mifupa ya Yesu ingali kaburini, yeye hupiga magoti mbele ya nani? Akikosa jibu, usimcheke. Akipita Unguja kurudi chuo, aje kanisani kwetu Minara Miwili baada ya Misa ya asubuhi, na kitabu chake mkononi.