Jua kabila la kinga yako kabla ya kushika spana

Fundi aliomba bomba. Spana peke yake ilikuwa imeshindwa, kwa hiyo kijana wake akaleta bomba la maji lenye urefu wa mita moja hivi, wakalichomeka kwenye mkono wa spana, wakavuta wawili. Mimi nilikuwa nimeikalia fremu ya kinga yangu, yaani baiskeli, isizunguke. Tulikuwa chini ya mwembe, mtaa wa Katuba, Lubumbashi, Jumamosi saa nne asubuhi, na watoto wa mtaa wametuzunguka kama vile tunachinja mbuzi. Kile kikombe cha chuma kinachoshika ekseli ya pedali, cha upande wa mnyororo, kikalia kwaa! Tukashangilia. Kumbe hakikulegea. Bapa zake mbili za kukamatia spana ndizo zilizomeguka.

Fundi yule si mjinga, namtetea mpaka leo. Miaka yote amefungua Phoenix za China na Hero za India, na hizo zimerithi hesi za Kiingereza, ile mikato ya skrubu: upande wa mnyororo hesi imepinduliwa, unafungua kwa kufuata saa. Yangu ni Peugeot, baiskeli ya safari iliyotoka Ufaransa, na Wafaransa waliotengeneza ile walikata hesi ya kawaida pande zote mbili. Ilitaka kuzungushwa kinyume cha saa. Muda wote ule tulikuwa tunaikaza.

Hapa Lubumbashi baiskeli tunaiita kinga. Na kinga ya zamani ya chuma, usiidharau, ina kabila lake. Kuna Waingereza, kuna Wafaransa, kuna Waitaliano, na hawaoani ovyo. Baiskeli nyingi za kawaida za siku hizi zinafanana kiasi cha kuchanganya vifaa, lakini za miaka ya sitini na sabini kila nchi ilikuwa na vipimo vyake. Anayeipata moja leo, iwe imeachwa na mzungu aliyefundisha hapa zamani au imevuka kutoka Zambia, kwanza hupaka rangi. Ndivyo nilivyofanya na mimi. Nikanunua kopo la kijani, nikapiga brashi juu ya kutu, nikajisifu. Miezi mitatu baadaye kutu ikatoka tena, imevaa kijani.

Basi rangi iache. Chukua mafuta ya taa, kitambaa na mswaki uliochakaa, safisha pale chini ekseli ya pedali inapopita, halafu soma. Vikombe vingi vimepigwa chapa. Ukiona 35 x 1, mara nyingi huyo ni Mfaransa. Ukiona 1.370 x 24, Mwingereza, au mtoto wake wa India na China. Ukiona 36 x 24, Mwitaliano, naye anafunguka kinyume cha saa pande zote mbili kama Mfaransa. Stika iliyo juu ya fremu isikudanganye, kwa sababu stika hubanduliwa na kubandikwa. Chapa ya kwenye kikombe ndiyo kitambulisho.

Pedali nazo zina mtego wao. Ya Kifaransa ina mhimili wa milimita 14, ya Kiingereza ni inchi 9/16, yaani milimita 14.3 hivi. Tofauti hiyo huioni kwa macho. Ukiichomeka ya Kiingereza kwenye mkono wa Kifaransa itaingia mzunguko mmoja, miwili, kisha itagoma, na hapo ndipo mtu husema “kaza tu, itazoea”. Haizoei. Inakula hesi. Lakini mtu mwenye tapu ya 9/16, kile kifaa cha kukatia hesi, anaweza kuukata upya mkono wa Kifaransa upokee pedali za Kiingereza, kazi ya dakika kumi, na baada ya hapo utavaa pedali yoyote ya sokoni. Shina la usukani ni milimita 22.0 kwa Mfaransa na 22.2 kwa wengine wengi. Hilo msasa na uvumilivu wa jioni moja vinalimaliza. Kotapini, zile pini za kabari zinazoshika mikono ya pedali, ni milimita 9 kwa Mfaransa na 9.5 kwa Mwingereza. Chukua ile ya zamani mkononi uende nayo, usiende kuieleza kwa maneno.

Sasa kikombe changu kilichomeguka bapa kilitokaje? Kwa mzee mmoja aliyestaafu kutoka karakana za reli. Hakuomba bomba. Alikichonga kidogo kwa tupa bapa zirudi, akakibana kwenye jiliwa kubwa lililofungwa mezani, kikombe chini na kinga nzima juu yake imelala, akakidondoshea mafuta, akawasha sigara. “Acha inywe kwanza, mwana.” Ilipokwisha sigara, akashika fremu kwa mikono miwili kama mtu anayegeuza usukani wa lori, akaizungusha fremu yenyewe. Kikombe kilibaki pale pale kwenye jiliwa. Sikuwa nimewahi kufikiri kwamba kinachoweza kuzungushwa ni kinga.

Mji huu umejengwa juu ya shaba na reli, na watu wa namna hiyo bado wapo, wameketi barazani, hakuna anayewauliza kitu. Watafuteni. Mtaokoa fremu nyingi kuliko kwa kuagiza vifaa Ulaya.

Nije kwenye mipira, maana huko ndiko nilikopoteza pesa nyingi zaidi. Kinga yangu ilikuja na magurudumu yanayoitwa 650B. Sokoni ukitaja hilo jina wanakutazama. Ukisema “inchi ishirini na sita” wanakuletea furaha yote ya dunia, na hakuna inayoingia. Neno “26” ni la watu wengi. Mpira wa baiskeli ya milimani wa 26 unakaa kwenye rimu ya kipenyo cha milimita 559. Ule wa 26 x 1 3/8 unakaa kwenye 590. Na 26 x 1½, ambao ndio 650B yangu, unakaa kwenye 584. Niliununua wa 590, nikahangaika nao jua linazama, nikidhani rimu yangu imepinda. Ulikaa, ndiyo, ukiwa umelegea kama kofia ya babu kichwani kwa mjukuu. Nikaujaza upepo. Ulirukia nje kwa mlio uliomtoa jirani ndani ya nyumba.

Kwa hiyo sahau inchi. Tafuta pembeni mwa mpira namba mbili zenye kistari katikati, kama 37-584. Ya kwanza ni upana, ya pili ni kipenyo cha pale mpira unapokalia rimu, vyote kwa milimita. Hiyo ya pili haibembelezwi, na rimu yako ndiyo inayoamua. Zile kinga kubwa za breki za fimbo, za 28 x 1½, ni 635, na mipira yake ipo kila kona ya soko la Kenya, mtaa wetu wa hapa Lubumbashi, kwa sababu wabeba makala wanaitumia. (Wasomaji wa mbali: makala huku kwetu ni makaa. Kichekesho cha kuandika makala nimekizoea.) Baiskeli za safari za Kiingereza za zamani mara nyingi ni 27 x 1¼, yaani 630, na mipira hiyo ni adimu. Lakini magurudumu ya 622 yanaweza kuingia mahali pake, kwa kuwa tofauti ya kipenyo ni milimita 8 tu. Unashusha viatu vya breki milimita 4, kama nafasi ya kushusha ipo, umemaliza. Ningekuwa na ya 630 ningefanya hivyo kesho asubuhi, wapenda asili na wanune.

Mimi mwokozi wangu alikuja bila kujua. Baiskeli mpya za milimani zimeleta mpira unaoitwa 27.5, na huo, licha ya jina, ni 584. Ni 650B ile ile ya babu zetu wa Ufaransa iliyobatizwa upya. Angalia kichekesho: 27.5 ni ndogo kuliko 27. Nilipata mwembamba kiasi, wa 1.75, ukapita katikati ya uma kwa nafasi ya kidole kimoja chembamba, lakini madigadi ikabidi niyatoe. Mwezi wa kumi na mbili nikalijutia hilo. Udongo wetu mwekundu ukishalowa haurushwi tu mgongoni, unajikusanya chini ya breki hadi gurudumu linasimama. Natembea na kijiti cha kukwangulia. Bado naona ni heri kijiti kuliko kungoja mpira kutoka Liège, Ubelgiji.

Mvua ina jambo jingine, rimu za chuma. Zinang'aa vizuri, na zikilowa hazisimami. Kama kinga yako inazo, kiangazi endesha kwa raha, masika anza kubana breki mapema, mbali. Ukipata rimu za alumini za kipenyo kile kile, badilisha bila kuona haya. Sisi hapa tuna bahati ya nchi tambarare. Ndugu wa Bukavu, nyinyi na vilima vyenu, msiulize mara mbili.

Fremu ikipasuka, tulia. Wabeba makala huimarisha kinga zao kwa kuchomea vyuma vya zege kando ya uma, na inawafaa, kwa kuwa mabomba ya fremu zile ni mazito. Usiige kwenye fremu nyepesi. Rafiki yangu ana ya Kiingereza yenye stika ya Reynolds 531, chuma kilichoanza kutengenezwa Birmingham mwaka 1935, na sifa ya mabomba yake ni kwamba ni manene kwenye ncha na membamba katikati, mengine hadi nusu milimita hivi. Ilipasuka karibu na ekseli ya nyuma. Mchomeaji wa umeme aliigusa mara moja tu, pakatokea tundu la kupitisha penseli. Fremu hizo ziliunganishwa kwa shaba ya manjano au fedha, kwa moto wa gesi, wala hazikuyeyushwa. Mwambie mchomeaji atumie gesi na fimbo ya shaba ya manjano, na awashe moto mdogo. Akikuambia ni kitu kimoja, chukua kinga yako uende.

Ya mafuta nitasema haraka. Gololi: 11 kila upande kwenye ekseli ya pedali, 9 kila upande gurudumu la nyuma, 10 mbele. Mara nyingi ni hivyo. Zihesabu wakati wa kufungua, na ubadilishe zote hata kama mbovu ni moja. Grisi ya magari inatosha. Mnyororo weka mafuta ya mashine kidogo kisha ufute kabisa, maana vumbi la kiangazi likikutana na mafuta mengi linakuwa msasa. Na tafadhali, si mawese. Jirani yangu aliyatia; Juni baridi ilipoingia yakaganda kama siagi, na chungu wakafuata.

Shina la alumini likiwa limeng'ang'ania ndani ya fremu ya chuma, wengi hukimbilia moto. Alumini hutanuka kuliko chuma, kwa hivyo ukipasha vyote viwili unaibana zaidi. Tumia mafuta ya kupenya siku mbili tatu, halafu barafu juu ya alumini, kisha zungusha. Yaani siku ambayo umeme upo.

Safari yangu ya kupenda ni Kipushi, kilomita 30 hivi kwenda, nyingine 30 kurudi. Naondoka saa kumi na moja na nusu alfajiri, Jumapili. Barabara ya Likasi siipendekezi siku za kazi. Malori ya shaba na kobalti hayana habari na wewe, na pembezoni pa lami pamekatika kama ngazi. Ukisikia lori nyuma na lingine mbele, shuka kabla hujashushwa. Mikoba yangu ya pembeni nilishonewa na fundi cherehani kwa turubai la lori, na mzigo mzito naufunga chini, usawa wa ekseli, kwa vipande vya mpira wa ndani kama wafanyavyo watu wa makala. Msimu wa mvua narudi na bowa, ule uyoga mkubwa wanaouza akina mama kando ya njia, umelala juu ya portibagaji, yaani keria, ndani ya majani.

Mara ya mwisho nilimpita mbeba makala mmoja kwenye mwinuko, anasukuma magunia matatu, kijiti cha kusukumia kimefungwa kwenye usukani. Nikashuka, tukatembea pamoja. Akaitazama Peugeot kwa muda.

“Papa, hii kinga inabebaka magunia ngapi?”

“Hata moya.”

“Basi inatumikaka nini?”

Sikupata jibu la haraka. Yeye alikuwa ameshainama, bado anasukuma kwa mkono mmoja, na kwa kidole cha mkono mwingine anagonga spoku zangu za nyuma moja moja, ting, ting, ting, tok. Akarudia ile ya tok. Akaniambia nisiende nayo mpaka mjini hivyo, pale mbele kwenye kivuli kuna kwado, fundi wa mipira, ana ufunguo wa spoku. Alikuwa nao kweli.