Kwa nini daraja la Gateshead limepindwa?

Swali: Nimeona video ya daraja la waenda kwa miguu na baiskeli kati ya Gateshead na Newcastle, Uingereza, likiinama kupisha meli. Kwa nini njia yake wameipinda badala ya kuinyoosha? Na jeki zinawezaje kunyanyua chuma chote kile?

Jibu: Chukua ndoo tupu, ulaze mkono wake ukingoni, kisha uunyanyue kwa kidole. Mkono unazunguka kwenye masikio mawili tu, lakini katikati yake panapanda, kwa sababu pamepinda na pako mbali na mstari unaounganisha masikio hayo. Ungekuwa umenyooka sikio hadi sikio, ungeuzungusha mchana kutwa usipande hata kidogo. Njia ya daraja nayo ingenyooka, ingejigeuza palepale na meli ingebaki inasubiri.

Sasa weka mikono miwili kwenye masikio yaleyale: mmoja umelala, ndiyo njia ya watu; mwingine umesimama, ndilo tao. Nyaya 18 za chuma zimeifunga pamoja. Jeki za haidroliki kwenye kila ukingo wa mto Tyne huzungusha kitu chote kwa nyuzi 40. Tao linashuka, njia inapanda, na chini panapatikana nafasi ya mita 25. Daraja lina zaidi ya tani 800, ila jeki hazizibebi zote, maana uzito wa tao linaloshuka unasaidia kuipandisha njia. Shughuli nzima huchukua kama dakika 4.5, ikitegemea upepo.

Kinachomnyima mhandisi usingizi ni ncha mbili, zilizoachana kwa zaidi ya mita 100, kuzunguka sawia. Moja ikitangulia, chuma kinaanza kujisokota kama nguo inayokamuliwa. Ndiyo maana naisifu kazi ya Novemba 2000: daraja liliunganishwa kwanza nchi kavu, mahali unapoweza kupima na kurekebisha kwa utulivu, kisha kreni inayoelea, Asian Hercules II, ikalileta zima na kulitua kwenye misingi yake. Watu walianza kulivuka Septemba 2001.

Na takataka zilizoachwa njiani, zinazoviringika daraja linapoinama, haziendi mtoni. Zinaingia kwenye mitego iliyowekwa kila mwisho wa njia, kwa hiyo kila meli ikipita, daraja linakuwa limejifagia.