Kwa nini kampuni ya Wajerumani haikuendelea kutawala Tanganyika?

Ndugu uliyeuliza, jibu fupi ni kwamba kampuni ilishindwa, na walioishinda ni watu wa pwani.

Carl Peters, Mjerumani aliyeianzisha kampuni hiyo, alikusanya mikataba yake na machifu wa bara mwaka 1884, na mwaka uliofuata serikali ya Ujerumani ikaipa kampuni yake hati ya ulinzi. Bismarck, Kansela wa Ujerumani, alitaka koloni lisilomgharimu: wafanyabiashara watawale, wajilipe wenyewe. Mambo yaliharibika Agosti 1888, kampuni ilipoanza kukusanya ushuru wa forodha pwani kwa mkataba na Sultani Khalifa wa Zanzibar. Pale Pangani maofisa wake walishusha bendera ya Sultani kwa nguvu. Abushiri bin Salim akaongoza mapambano, na Bwana Heri wa Saadani naye akasimama. Baada ya muda mfupi kampuni ilibaki imeng'ang'ania Bagamoyo na Dar es Salaam tu.

Hapo ndipo Bunge la Ujerumani lilipotoa marki milioni 2, na Hermann Wissmann, afisa wa Kijerumani, akaja na askari wa kukodi, wengi wao Wasudani. Abushiri alinyongwa Pangani Desemba 1889. Tarehe 1 Januari 1891 serikali ikashika utawala yenyewe.

Vitabu vingi vya shule huita yale "uasi wa Waarabu", na mimi jina hilo silikubali hata kidogo. Waswahili, Wazigua na watu wengine wa bara walipigana pia.

Kampuni yenyewe haikufa, iliendelea na biashara na mashamba.