Anayenunua kwa Bei Anayoijua

Mhariri, wiki hii mmeuliza: "Mjasiriamali ni nani, na uchumi ungepungukiwa na nini kama asingekuwepo?" Mimi ni fundi cherehani, na swali hili nimeishi nalo miaka mingi.

Neno lenyewe limeungwa kwa ujasiri na mali, na ujasiri ndio uliotangulia. Naona waliolibuni waliona mbali, maana wanapoulizwa, watu wengi hukimbilia kutaja mtaji, wazo jipya au kujiajiri. Richard Cantillon hakuanzia huko. Huyu alikuwa mzaliwa wa Ayalandi, akafanya shughuli za benki Paris, akafariki London mwaka 1734. Kitabu chake kuhusu biashara kilichapwa 1755, yeye akiwa kaburini miaka 21. Humo aliwagawa watu kwa kigezo kimoja: nani anajua atapata kiasi gani, na nani hajui. Jenerali mwenye mshahara na mtumishi wa ndani wakaangukia fungu moja. Mkulima, mwenye duka, mshona viatu, mshona nguo na hata mchukuzi wa maji wakawa fungu la pili, naye akawaita kwa neno la Kifaransa lenye maana ya mtu aliyejitwika shughuli. Ombaomba na mwizi nao aliwatia humo humo. Kiini cha fungu hilo ni mtu anayenunua kwa bei anayoijua ili auze kwa bei asiyoijua.

Hilo nalijua kwa vidole vyangu. Mwaka mmoja nilichukua majora manne ya kitambaa cha kijani kwa mali kauli, wiki sita kabla ya shule kufunguliwa. Nilikuwa na vijana wawili, na ujira wao ulikuwa kila Jumamosi. Sketi zilikwisha kukatwa, marinda yamepigwa pasi, vimebaki vifungo tu, ndipo habari ikaja kwamba shule imebadili rangi ya sare kuwa bluu. Jumamosi ile vijana walipokea ujira wao kamili, kwa sababu ndivyo tulivyokubaliana. Mwenye kitambaa naye alikuja kudai fedha yake siku ile ile tuliyopatana. Nilibaki na lundo la sketi za kijani zilizofika kiunoni mwangu.

Jibu langu kwa nusu ya pili ya swali lenu limo katika Jumamosi ile. Mashaka ya soko lazima yaishie kwa mtu fulani. Mfanyakazi anataka kujua atalipwa nini, muuza malighafi vilevile, mwenye nyumba ya kupanga vilevile, na wote wana haki. Basi yupo mmoja aliyewaahidi wote fedha ambayo bado hajaishika. Akikosekana, hakuna wa kutoa mshahara unaojulikana, na kila mmoja angelazimika kusubiri mnunuzi kwanza ndipo ajue kama atakula.

Mwanauchumi wa Marekani, Frank Knight, alilichambua jambo hili mwaka 1921. Ipo hatari inayopimika, kama ghala kuungua, na hiyo unaikatia bima. Yapo pia mashaka yasiyopimika, na faida ya kweli hutokana na hayo. Ni kweli kabisa: sijui kampuni ya bima ambayo ingenikatia bima ya rangi ya sketi.

Mwanauchumi wa Ufaransa, Jean-Baptiste Say, ambaye mwenyewe aliwahi kuendesha kiwanda cha kusokota pamba, aliongeza kazi ya kuunganisha ardhi, nguvukazi na mtaji. Sina ubishi naye. Ubishi wangu ni na mwanauchumi mwingine, Joseph Schumpeter. Mwaka 1911 aliandika kwamba mjasiriamali ni yule anayeleta muunganiko mpya wa vitu, na kwamba mbeba hasara ni mwenye mtaji, si yeye. La kwanza nalikubali, la pili nalikataa.

Mtazameni Malcom McLean. Alikuwa na kampuni ya malori Marekani, akaiuza ili aingie kwenye meli. Tarehe 26 Aprili 1956 meli yake Ideal X iliondoka Newark kwenda Houston na makontena 58. Kabla ya hapo wapakiaji walibeba magunia na makasha mojamoja, na meli ililala bandarini siku nyingi. Kontena lilishusha gharama za kusafirisha bidhaa duniani kote, na likawaondolea kazi maelfu ya wapakiaji. Schumpeter mwenyewe, mwaka 1942, aliita mambo ya namna hii uharibifu wenye kujenga, na wapakiaji wale wasisahauliwe tunapousifu. Baadaye McLean aliagiza meli kubwa zilizokwenda polepole, akitumaini mafuta yataendelea kuwa ghali. Mafuta yakashuka bei, na mwaka 1986 kampuni yake ikafilisika. Waliomkopesha waliumia, naye pia akaumia. Aliyevumbua njia na aliyebeba mashaka alikuwa mtu yule yule.

Kuna jambo moja linaniuma, acha niliseme. Siku hizi kila asiye na ajira anaambiwa awe mjasiriamali, kana kwamba ni zawadi anayopewa. Anayeambiwa hivyo anatwikwa mashaka yote, na mara nyingi hana akiba ya kumwezesha kukosea hata mara moja. Mwanauchumi William Baumol alieleza mwaka 1990 kwamba watu wenye vipaji vya ujasiriamali hufuata kanuni za mchezo: zikimlipa anayezalisha, watazalisha, zikimlipa mjanja wa kujipendekeza kwa wakubwa, watajipendekeza. Basi anayewahimiza vijana aanze kwa kuzitazama kanuni hizo, na atazame pia aliyeanguka anapewa njia gani ya kuinuka.

Mimi niliinuka kwa sababu mwenye kitambaa alinivumilia mihula miwili. Sketi zile nilizifumua, nikazishona upya kuwa aproni, nikazitandika mezani bila kujua niseme bei gani, mpaka mnunuzi wa kwanza alipoitaja yeye.